Mwani wa Kilwa na Chungu cha Nyumbani

Historia ya Kilwa imezoeleka kusimuliwa kwa vitu vilivyoondoka. Dhahabu ya Sofala ilipita hapo ikielekea Bara Arabu na Bara Hindi, na utajiri wake ndio uliojenga Husuni Kubwa na kuupanua msikiti mkuu wa Kisiwani katika zama zile ambazo Ibn Battuta aliizuru Kilwa, mwaka 1331. Pembe za ndovu nazo zilipita. Katika karne ya 19 Kilwa Kivinje ikawa bandari kubwa ya kusafirishia watumwa waliotolewa bara, hadi nchi za Ziwa Nyasa. Daftari la bandari linajua kuhesabu kilichopakiwa. Halijui kueleza kilichobaki nyumbani, wala kilichokuwamo katika chungu cha mwanamke wa Kilwa jioni ile jahazi lilipotweka tanga.

Swali hilo la chungu ndilo linalofaa kuulizwa juu ya zao ambalo pwani ya Kilwa na Lindi imelilima kwa takriban miongo mitatu sasa, nalo ni mwani. Kwani mwani huliwa. Huliwa Ulaya, huliwa Marekani, huliwa Asia. Na mara nyingi yule anayeula hajui kama ameula, na yule anayeulima hajapata kuuonja.

Kabla ya mwani, mwambao huu ulikwisha kutoa mazao mengine ya namna hiyo. Katika karne ya 19 watu wake walichimba sandarusi, utomvu wa miti ya kale uliogandamana chini ya mchanga hata ukawa mfano wa jiwe. Sandarusi ilipelekwa Unguja, na kutoka huko wafanyabiashara wa Salem, mji wa Massachusetts nchini Marekani, waliichukua ikatengenezewe vanishi. Mchimbaji wa Kilwa hakuwa na meza ya kupaka vanishi hiyo. Ikaja pamba. Mwezi Julai mwaka 1905, huko Nandete katika milima ya Umatumbi, nyuma ya Kilwa, wananchi waliing'oa miche ya pamba waliyolazimishwa kuilima na utawala wa Kijerumani, na kitendo hicho kikawa mwanzo wa Vita vya Maji Maji, vita ambavyo Abdul Karim bin Jamaliddini, mshairi wa Lindi, alivitungia utenzi. Kisha zikaja karanga. Kati ya mwaka 1947 na 1951 serikali ya Uingereza ilifyeka mapori ya Nachingwea, katika mkoa wa Lindi wa leo, ili zipandwe karanga za kutoa mafuta ya kula kwa Waingereza waliokuwa bado wakigaiwa chakula kwa kadi baada ya vita. Zaidi ya pauni milioni 30 zilipotea, na mpango ukafutwa.

Sandarusi haikuwa chakula, wala pamba. Karanga ni chakula, lakini zile zilipandwa kwa ajili ya jiko la ng'ambo. Mwani umeingia katika safu hiyo hiyo, ila una tofauti mbili: hulimwa na mwanamke kwa mikono yake mwenyewe, mahali anapoweza kufika kwa miguu maji yanapokupwa, na tena, akitaka, anaweza kuubeba jioni akaupeleka jikoni. Kwa nini basi haujafika huko? Na je, yafaa ufike?

Neno lenyewe ni kongwe. Mswahili ameliita mwani kila jani la baharini linalosukumwa na mawimbi hadi ufukoni, bila kulitofautisha sana na jingine. Kusini zaidi, katika visiwa vya Quirimba na pwani ya Cabo Delgado nchini Msumbiji, wako watu wanaojiita Wamwani, na lugha yao ni Kimwani. Kwao neno mwani maana yake ni pwani. Hata hivyo, neno hili lililo karibu mno na maisha ya watu halikupata nafasi katika orodha ya vitoweo. Mwani ulikuwa kitu cha kukanyagwa, cha kunasa nyavu na kuoza juani. Wachimbuzi wa mambo ya kale, tangu Neville Chittick alipoifukua Kilwa katika miaka ya 1960, wamekuta mifupa ya samaki na ya mbuzi, na makombe ya chaza kwa wingi. Mwani hauachi mfupa wala gamba. Hivyo magofu hayawezi kutushuhudia kama mtu wa kale aliula au hakuula. Lakini mapishi yaliyotufikia kwa njia ya mama na bibi hayautaji.

Thamani ya mwani iligunduliwa kwanza na wafanyabiashara. Tangu miaka ya 1930 mwani mwekundu uliojiotea wenyewe ulikusanywa ufukoni, ukakaushwa na kuuzwa nje, kwenye viwanda vya Ulaya na Marekani. Biashara hiyo ilipanda na kushuka, na ilipofika miaka ya 1970 ilikuwa imedhoofika, kwani bahari haiwezi kuokotwa kila siku bila kupandwa. Ndipo akatokea Keto Mshigeni, mtaalamu wa mimea wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliyesomea shahada yake ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Hawaii. Huko Hawaii alikuwako Maxwell Doty, ambaye pamoja na wenzake wa Ufilipino walikuwa wamekwisha kuonyesha kwamba mwani unaweza kulimwa kama muhogo: unakata kipande, unakifunga, kinachipua. Mshigeni aliandika na kufanya majaribio kwa miaka mingi, akisisitiza kwamba pwani ya Tanzania ina kila kinachohitajika kwa kilimo hicho.

Mwaka 1989 kilimo cha biashara kilianza mashariki ya Unguja, Paje na Jambiani, kwa mbegu iliyoletwa kutoka Ufilipino. Katika miaka ya 1990 kikavuka kuja bara, na pwani ya kusini ikakipokea. Mbegu zilikuwa za aina mbili. Ya kwanza ni spinosum, iliyo ngumu na yenye kustahimili mengi, lakini bei yake ni ndogo. Ya pili ni kotonii, ambayo hulipwa takriban mara mbili ya mwenzake, ila ni dhaifu na hupenda maji safi, yenye kina na yasiyobadilikabadilika. Kisiwa cha Songosongo, kilicho mbele ya pwani ya Kilwa, kilisifika kwa kotonii wake. Jina hilo limetokana na la mtaalamu wa mimea Mwingereza aliyeitwa Cotton, na halihusiani na pamba. Lakini ni ajabu ya historia kwamba neno la pamba limerudi Kilwa kwa njia ya bahari, miaka isiyotimia mia baada ya miche ya Nandete kung'olewa. Safari hii hakuna aliyelazimishwa kwa kiboko.

Kazi yenyewe haihitaji mbolea wala maji ya kisima. Mkulima hupigilia vigingi viwili katika mchanga wa maji mafupi, huvuta kamba kati yake, na kwenye kamba hiyo hufunga kwa vikamba vidogo vipande vya mwani, kila kimoja kikiwa na uzito wa gramu mia hivi. Hungoja kama wiki sita. Bamvua likifika, maji yakakupwa mbali, hurudi kuvuna, kuchagua mbegu ya kupandia tena, na kuanika kilichobaki. Kilo saba au nane za mwani mbichi hutoa kilo moja ya mwani mkavu. Husemwa kwamba ukiona vyaelea vimeundwa. Na kamba zile zinazoelea kwa unyenyekevu mbele ya vijiji zimeundwa na migongo iliyoinama kwa saa nyingi, katika maji ya chumvi, chini ya jua.

Kwa wanawake wa mwambao haya yalikuwa mageuzi. Tangu zamani wao ndio waliokuwa wakitembea miambani maji yakipwa, wakitafuta pweza na chaza, na kutanda dagaa kwa vitambaa. Lakini shamba lenye mpaka, lenye mavuno yanayoweza kungojewa na fedha inayoingia mkononi mwa mwanamke mwenyewe, lilikuwa jambo jipya. Ada za shule zimelipwa kwa mwani, mabati yamenunuliwa, na wapo waliopata kwa mwani sauti ya kusema katika nyumba zao. Kwa hiyo yeyote anayeulaumu mwani aulaumu kwa adabu.

Lawama, hata hivyo, ipo. Mwani mkavu hupakiwa magunia na kusafirishwa. Viwandani hutolewa humo kitu kiitwacho karaginani, ambacho huyafanya maziwa ya chokoleti yasijitenge, aiskrimu iwe laini, nyama ya kopo ishikamane, na dawa ya meno isichuruzike. Bei hupangwa huko mwisho wa safari. Mnunuzi wa pwani huipokea, na mkulima huipokea kwa mnunuzi. Kwa miaka mingi makampuni yalitoa kamba na mbegu bila malipo, na kwa kutoa huko yakapata haki ya kununua peke yao. Bei ya ng'ambo ikianguka, gunia hubaki likiloa umande. Wahenga walisema achanikaye na mpini hafi na njaa. Walikuwa wakimzungumzia mkulima wa mtama na muhogo, ambaye soko likimtupa huweza kurudi kula alicholima. Mkulima wa mwani, ambaye viganja vyake vimechanwa na kamba, hana dhamana ya methali hiyo. Soko likimtupa, amelima asichokijua ladha yake.

Bahari nayo imebadilika. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 kotonii alianza kufa kwa wingi, kwanza visiwani na kisha katika baadhi ya maeneo ya bara. Maji ya mafungu yanapopata joto wakati wa kaskazi, mwani hupauka, hugeuka mweupe na kukatika. Magugu madogo huusonga. Na mvua za masika zikishusha chumvi ya maji, hudhoofika zaidi. Kusi likivuma kwa nguvu, hung'oa kilichosalia. Wakulima wengi walilazimika kurudi kwa spinosum mwenye bei ndogo, au kuacha kabisa. Wengine wamejaribu kuhamia maji ya kina, lakini kina hudai chombo, na kudai kujua kuogelea, mambo ambayo wanawake wengi wa pwani hawakufundishwa.

Aidha, si kila kilimo cha mwani ni rafiki wa bahari. Vigingi vikikatwa ovyo katika mikoko, pwani hupoteza ukuta wake na samaki hupoteza malezi yao. Mashamba yakisongamana juu ya majani ya baharini, majani hayo hukosa mwanga na kukanyagwa. Na watafiti waliochunguza nasaba ya mwani katika pwani ya Tanzania wamekuta kwamba mbegu ya Asia imeenea hata nje ya mashamba, hali mwani wa asili umekuwa adimu. Hayo hayafuti wema wa zao lisilohitaji mbolea wala kufyeka msitu, lakini yanadai kiasi. Shamba dogo la mwanamke mmoja, lenye vigingi vinavyotumika msimu baada ya msimu, liko karibu zaidi na bustani ya uani kuliko shamba kubwa la mwekezaji. Na bustani ya uani desturi yake ni kulisha nyumba kwanza.

Mahali ambapo mwani umedumu kwa heshima, umedumu kwa sababu umeliwa nyumbani. Neno karaginani lenyewe halikuzaliwa maabara: limetokana na jina la Kiairishi la mwani mwekundu ambao maskini wa pwani ya Ireland waliuchemsha katika maziwa, na ambao pamoja na mianí mingine uliokoa watu wakati wa njaa kuu ya miaka ya 1840. Kiwanda kiliazima jina jikoni. Barani Afrika, wanawake wa Kikanembu pembezoni mwa Ziwa Chad huteka katika vidimbwi vya magadi uoto wa kijani usioonekana chembechembe zake kwa macho, ule ambao duniani leo huuzwa ghali kwa jina la spirulina. Huukausha mchangani, huuita dihe, na huutia katika mchuzi. Hawakungoja kuambiwa na mtu kwamba una protini.

Japani ina kisa kinachogusa zaidi. Wajapani wamekula nori kwa karne nyingi, lakini wakulima wake hawakujua mbegu yake hujificha wapi wakati wa joto, hivyo mavuno yalikuwa ya bahati. Mwaka 1949 mwanasayansi Mwingereza, Kathleen Drew-Baker, aliyefanya kazi Manchester, alichapisha ugunduzi kwamba mwani wa jamii hiyo hupitisha sehemu ya maisha yake ndani ya makombe ya chaza. Wataalamu wa Japani walilichukua jambo hilo, wakapanda mbegu ndani ya makombe, na kilimo kikaokoka. Mwanamke huyo alifariki mwaka 1957 bila kufika Japani. Lakini mwaka 1963 wakulima walimjengea mnara wa kumbukumbu huko Uto, katika jimbo la Kumamoto, nao humkumbuka kila mwaka. Watu humshukuru hivyo mtu aliyeokoa chakula chao. Ni vigumu kuwaza mnara kama huo kwa ajili ya bidhaa ambayo mkulima wake haijui matumizi yake.

Ama kwa pwani ya Kilwa, isisemwe kwamba mwani haujapata kabisa kufika chunguni. Umefika kwa kupitia mlango wa nyuma. Tasi, samaki mpenda majani, huja kuutafuna shambani, na mkulima humlaani kwa hasara. Lakini wapo waliojifunza kutega dema pembezoni mwa shamba. Na tasi aliyenona kwa mwani akachomwa na kutiwa nazi ni kitoweo ambacho hakuna mtu wa pwani atakikataa. Bahari ilikwisha kuonyesha njia: mwani huliwa, ila tulimwachia samaki autafune kwa niaba yetu.

Njia ya moja kwa moja imeanza kufunguliwa Unguja. Mwaka 2006 ilianzishwa jumuiya ya kuwaunganisha wakulima, watafiti na wafanyabiashara wa mwani wa Zanzibar, na Flower Msuya, mtafiti wa Taasisi ya Sayansi za Bahari, akawa mstari wa mbele katika kuwafundisha wanawake kusaga mwani wao na kuutumia. Sabuni ndiyo iliyotangulia kujulikana, kisha vyakula: unga wa mwani katika keki na juisi, mwani mbichi katika kachumbari, jemu ya matunda iliyogandishwa kwa mwani. Kilwa na Lindi hazihitaji kuvumbua upya yaliyokwisha kuvumbuliwa ng'ambo ya mkondo.

Mapishi yake si ya ajabu. Mwani mkavu huoshwa mara kadhaa hadi mchanga uishe, kisha hulowekwa usiku kucha ili upoteze chumvi, na maji yake humwagwa. Asubuhi huchemshwa kwa moto mdogo hadi uyeyuke na kuwa ute mzito, ukachujwa kwa kitambaa. Ute huo hauna ladha ya kushindana na kitu. Hukubali embe, hukubali ukwaju na maji ya ubuyu, hukubali tui na iliki. Ukipoa huganda, na uji uliotiwa ute huo huwa mzito kwa unga mchache. Sharti ni kwamba mwani wa kuliwa uvunwe katika maji safi, mbali na mifereji ya mji na vyombo vinavyomwaga mafuta, kwa kuwa mwani hufyonza kila kilicho majini, chema na kibaya.

Faida zake zisitiwe chumvi, ingawa ni zao la bahari. Mwani huu mwekundu una madini mengi na nyuzi za kusaidia tumbo, lakini protini yake ni ndogo, tofauti na nori na dihe. Hauwezi kuchukua nafasi ya samaki wala kunde, na mtoto akishibishwa ute peke yake atakuwa ameshiba bila kulishwa. Una madini joto, ingawa kwa kiasi kidogo kuliko mwani mkubwa wa bahari za baridi. Na hapo pana jambo la kufikiriwa. Pwani ya kusini ni nchi ya chumvi. Vidimbwi vidogo vya kuanikia chumvi vimetapakaa kutoka Kilwa hadi Lindi na Mtwara, na chumvi ya wazalishaji hao wadogo mara nyingi imefika sokoni bila kutiwa madini joto. Mwani hautaondoa haja ya kuitia chumvi madini hayo, lakini ni shahidi kwamba bahari ina akiba ambayo watu wake hawajajifunza kuigusa.

Huenda ikaulizwa: je, gunia la mwani halina faida kubwa zaidi likiuzwa kuliko likipikwa? Kwa siku ya bei nzuri, ndiyo. Lakini hakuna anayesema mwani wote uliwe. Kinachotakiwa ni mkulima awe na hiari. Mwenye korosho hula korosho zake chache na kuuza zilizobaki, na kwa sababu anajua utamu wake, anajua pia anachomuuzia mtu. Mwanamke anayejua kuugeuza mwani kuwa sabuni, jemu au kinywaji cha futari anaweza kuketi mbele ya mnunuzi kwa mkao mwingine. Gunia likikataliwa, si takataka tena.

Songosongo, kisiwa cha kotonii, ndicho pia kisiwa ambacho gesi asilia iligunduliwa mwaka 1974, na tangu mwaka 2004 gesi hiyo hupita kwa bomba chini ya bahari na kwenda Dar es Salaam kuzalisha umeme. Ndiyo desturi ya mwambao huu: kilicho chini yake na kilicho juu yake huondoka. Dhahabu iliondoka kwa sababu hailiwi, na sandarusi na pamba kadhalika. Mwani ni wa kwanza katika daftari hilo refu ambao mwenyewe anaweza kuukata kamba, kuuosha, na kuuinjika. Siku mama wa Kilwa atakapomwagia wanawe uji uliotiwa mwani wa kamba yake, hakuna bandari itakayoandika. Na bado litakuwa tukio la kihistoria.